Stamenka Hali Kitu

Jirani yangu Stamenka hali kitu. Muulize mtu yeyote hapa kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Leskovac, atakwambia hivyo hivyo, tena bila kucheka, ingawa Stamenka akitaka kuingia stoo inambidi apite kiubavu. Unene wake yeye mwenyewe anauita maji. "Ni maji haya, Rumena," huniambia akijipapasa tumbo. "Mama yangu naye alikuwa na maji."

Tumeishi ukuta kwa ukuta tangu tulipoletwa hapa maharusi, kwa hiyo ninayoyasema nayajua. Sifa ile alipewa na mama mkwe wake, Perunika, mwanamke mchoyo wa maneno mazuri kuliko wote niliopata kuwaona. Siku ya harusi, Stamenka aliwapakulia wanaume, akawapakulia watoto, akawapakulia wageni, na meza ilipojaa akabaki amesimama karibu na jiko, mikono ameifutika kwenye aproni. Perunika akamtazama juu hadi chini, akasema mbele ya ukoo mzima, "Nimepata mkwe asiye na tumbo." Lilikuwa neno zuri la kwanza na la mwisho kumwambia. Stamenka alilitunza kuliko dhahabu zake za harusi, na tangu siku ile hakuna aliyemwona amekaa kwenye meza ya nyumba ile.

Sasa utaniuliza, kula alikula wapi? Kila mahali isipokuwa mezani. Alikula mkate wa kufutia sufuria, ili iwe rahisi kuosha. Alikula ngozi ya kuku, kwa sababu mume wake Cvetko hakuipenda. Alikula kona za pai ya jibini zilizong'ang'ania trei. Supu aliionja chumvi, kisha akaionja tena kuhakikisha kwamba mara ya kwanza hakukosea. Hakuna hata kimoja katika hivyo alichokiita kula. Nami sikuwahi kumbishia, maana hata mimi mkate wa kufutia sufuria siuhesabu.

Tungezeeka hivyo hivyo kwa amani kama si bwana mmoja wa mjini anayeitwa Ognjen, mtu mzima mwenye upara na adabu nyingi. Alikuwa anafanya utafiti wa lishe. Wenzake walitunga dodoso refu la kuwauliza watu wazima wamekula nini mwaka mzima, na sasa walitaka kujua kama dodoso lenyewe linasema kweli. Kwa hiyo ungeulizwa kwanza, kisha chakula chako kingepimwa kwenye mizani, halafu mwisho ungepimwa wewe mwenyewe, waone kama hesabu zinafanana. Majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu, na bahati ikaangukia kwa Stamenka.

Siku ya maswali, binti yake Biserka alikuwa amekuja kutoka mji wa Niš kumwangalia. Nami nilikuwapo, kwa sababu mambo ya jirani yangu sipendi kusimuliwa na wengine.

"Nyama ya nguruwe," Ognjen akaanza. "Kwa wiki unakula mara ngapi?"

"Nani, mimi?"

"Wewe, mama."

"Mwanangu, hata ladha yake nimeisahau." Alikuwa amesimama akimkatia mgeni nyama ya kukaushwa kwa moshi, na shavu lake moja lilikuwa limevimba.

"Mayai?"

"Pasaka."

"Jibini?"

"Jibini nalitengeneza, silili."

"Mkate, vipande vingapi kwa siku?"

"Andika nusu." Akafikiri kidogo. "Hapana, nusu ni nyingi. Itaonekana kama mkate mzima umekwisha kwa ajili yangu."

Ognjen alijumlisha, akajumlisha tena, akakuna upara. Akasema kwa upole kwamba kwa majibu haya, mama amekula mwaka mzima chakula ambacho kuku asingeridhika nacho. Mimi nilicheka. Biserka hakucheka. Alibadilika rangi, akauweka mkono wake juu ya ule wa mama yake.

"Tangu baba afariki," akasema. "Tangu baba afariki umeacha kula, na mimi sikujua. Basi mama. Theluji haitakukuta hapa, unahamia kwangu."

Jioni ile Stamenka alinifuata kwenye ua, akashikilia nguzo, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona anaogopa. Nyumba ya Biserka iko ghorofani. Haina jiko la kuni, haina kuku, na pilipili hoho wananunua za chupa, dukani.

"Nitafanya nini kule, Rumena? Nitakaa. Kutwa nzima nimekaa."

"Si umwambie tu kwamba unakula."

"Nimwambieje, wakati sili?"

Nilimtazama usoni nikitafuta utani, nikaukosa. Mwanamke yule alikuwa anaamini. Aliyemwokoa siku ile ni Ognjen, aliyemwomba Biserka asiharakishe mpaka vipimo vitoke. Biserka akakubali: vikionyesha kwamba mama anakula, atabaki. Vikionyesha kwamba hali, atafungasha.

Ognjen alirudi na mizani yake mwishoni mwa Septemba. Kila kitu kilitakiwa kupimwa kabla hakijaingia mdomoni, siku tatu mfululizo. Hakuna aliyemtahadharisha yule bwana kwamba huo ni msimu wa pilipili hoho. Kila ua una jiko la bati linalofuka moshi, magunia mekundu yamejaa hadi barabarani, na kila mwanamke anachoma, anamenya, anasaga, kisha anakoroga sufuria la ajvar tangu asubuhi mpaka mkono ufe ganzi. Bila ajvar ya kupaka kwenye mkate, majira ya baridi hapa hayapiti.

Stamenka alimkalisha kwenye kiti cha marehemu Cvetko, kwa sababu mgeni ni mgeni hata kama amekuja kukupima. Akamletea kijiko cha jamu na glasi ya maji. Akamletea kikombe kidogo cha rakija, pombe kali ya matunda. Akamletea maharage yaliyookwa na mbavu.

"Mama, hiki ni chakula changu au chako?"

"Chako."

"Basi hakipimwi."

"Pima tu mwanangu, ujue hukupunjwa."

Akapima, maskini, akala. Walipotoka uani kazi ikawa ngumu zaidi. Stamenka alikuwa akimenya pilipili iliyochomwa, moja anaitia kwenye beseni, ya pili anaikunja na chembe za chumvi, na hiyo ya pili huioni tena.

"Mama, hiyo umekula."

"Hii? Hii iliungua upande mmoja."

"Lakini imeingia mdomoni."

"Ulitaka niitupe wapi, usoni kwako?"

Alipoanza kuonja ajvar, Ognjen alikimbilia mizani akaikinga chini ya mwiko. Stamenka akaupuliza mwiko vizuri, akamtia yeye mdomoni. "Chumvi inatosha?" Ognjen akaitikia kwa kichwa, inatosha. "Wewe wa mjini unajuaje," akasema, akachota mwiko mwingine akahakikisha mwenyewe. Kisha akanipa mimi, nami nikasema bado kidogo, kwa hiyo ikabidi ahakikishe tena.

Siku ya tatu nilimkuta Ognjen ameketi juu ya gunia, mkanda ameulegeza. "Bibi Rumena," akaniambia kwa uchungu kabisa, "kila nilichokipima nimekila mimi."

Likabaki dumu. Lilikuwa dumu kubwa lenye kifuniko, na Stamenka alitakiwa akojolee humo mchana kutwa na usiku kucha, tone lisipotee. Alimsikiliza Ognjen mpaka mwisho bila kupepesa macho.

"Mwanangu, mama yako yu hai?"

"Yu hai."

"Anajua unafanya kazi gani?"

Lakini alikubali, maana Niš ilikuwa inamnyemelea. Dumu akalivika kitambaa chake cha kudarizi, akatembea nalo kutwa nzima kama ametumwa na kanisa. Alipokuja kunisaidia pilipili zangu alilileta, akalituliza rafuni karibu na chupa zangu za ajvar. Sikubandua macho pale mpaka lilipoondoka. Nilimuuliza Ognjen huko kwenye dumu ataona nini. Akanieleza kwamba nyama, mayai na jibini mtu anaweza kukana kwamba hakula, ila mwili ukishavitumia, mabaki yake hutoka kwa njia ile, na mabaki yanapimika. Nilishukuru bahati nasibu haikuangukia kwangu.

Matokeo yalikuja Jumapili moja ya Oktoba. Biserka alifika na mabegi mawili makubwa, matupu, akayaacha pale mlangoni tuyaone. Stamenka alikuwa ameoka pai ya jibini. Akatuketisha mezani Biserka, Ognjen na mimi, akatupakulia, kisha akasimama mahali pake karibu na jiko. Ukutani juu yake Perunika alikuwa anatutazama kutoka kwenye fremu, midomo ameibana vile vile kama alivyokuwa akiibana alipokuwa hai.

Ognjen akakohoa. "Dodoso linasema mama karibu hali kitu. Dumu linasema mama anakula kumshinda mwanamume mvunaji." Akatabasamu, akidhani ameleta habari njema. "Dodoso letu ndilo bovu. Mama ni mzima kabisa."

Biserka akamgeukia mama yake kwa furaha, ila furaha ikakosa wa kuipokea. Stamenka alikuwa amewiva uso kwa aibu mpaka masikioni. Alimwangalia Ognjen, akaniangalia mimi, akainua macho kuelekea kwenye fremu. Miaka yote ile, sifa ile moja tu, na leo imetolewa kwenye dumu mbele ya jirani.

"Si wangu," akasema.

"Nini si chako, mama?"

"Uliokuwa kwenye dumu. Ni wa Rumena. Siku ile nililiacha kwake."

Wote wakanigeukia. Damu ilinichemka, nakwambia, na jibu nilikuwa nalo ulimini. Kisha nikayaona macho ya Stamenka. Yalikuwa yananiomba, na Stamenka hajawahi kuniomba hata kiberiti.

"Nilibanwa," nikasema.

Ognjen alishika kichwa chake kwa mikono miwili. Nilijiona mtu mwema sana kwa muda mfupi, mpaka niliposikia Biserka analia. Hakuwa amekasirika. Alikuwa analia taratibu, kama mtoto aliyechoka.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema. "Huli kitu, mama. Nakulaza peke yako hapa na njaa." Akainuka, akaenda mlangoni, akafungua zipu ya begi la kwanza. "Soksi zako ziko wapi?"

Sauti ile ya zipu naisikia mpaka leo. Nilifungua mdomo kuyarudisha maneno yangu, lakini nani angeniamini tena? Stamenka alisimama pale pale. Mkono wake ulikuwa umeshaanza, wenyewe, kunyofoa ukingo wa pai kwenye trei nyuma yake. Akautazama ule mkono. Sijui aliona nini pale, ila aliutazama muda mrefu.

Akatoa sahani kabatini, akakata kipande cha pai kinene, kile ambacho zamani kilikuwa cha Cvetko.

"Mwanangu," akamwambia Ognjen, "leta mizani yako."

Ognjen akaitoa mkobani haraka. Stamenka akaweka sahani juu yake. "Andika. Andika na jina langu." Kisha akavuta kiti, akakaa.

Hakujua magoti ayaweke wapi. Aligonga mguu wa meza, akashika uma kwa mkono asioutumia, akaubadilisha. Alikula mbele yetu sote, polepole, akiwa ameipa fremu mgongo, na mashavu yake yalikuwa yanalowa huku anatafuna. Nami nililia, na sioni aibu kulisema, kwa sababu nimempenda mwanamke yule maisha yangu yote na sikuwahi kumwona anakula.

Alipomaliza akasukuma sahani. "Kingine," akasema. "Hiki hakikuwa na chumvi ya kutosha, nataka kuhakikisha."

Biserka aliliacha begi. Alikuja akijifuta macho kwa kiganja, akachukua sahani, akampakulia mama yake, akaniongezea mimi, akamwongezea Ognjen ambaye alikuwa anamwomba kwa mikono asimwongezee. Halafu akabaki amesimama karibu na jiko, akitutazama tunavyokula, amefurahi, na vidole vyake vinanyofoa kona iliyoshikana na trei.

"Na wewe dada," Ognjen akamuuliza kwa mazoea ya kazi, "umekula?"

"Mimi?" Biserka akasema, na makombo ya pai yalikuwa kwenye mdomo wake. "Kuleni tu, mimi sili kitu."

Stamenka akaacha kutafuna. Akamwangalia binti yake pale jikoni, kisha akanyoosha mguu chini ya meza, akakisukuma nje kiti kilichokuwa pembeni yake.

"Kaa," akamwambia.

Biserka akakaa. Mabegi yale mawili yalirudi Niš jioni ile ile, yamejaa chupa za ajvar.