Mrushaji Aliyeinua Kiwiko

Mdogo wangu alimwita yule mzee "Dedi" mara tatu kabla hatujakaa vitini. Nilihesabu.

Mzee mwenyewe alikuwa baba wa mkewe, Mmarekani mrefu aliyestaafu. Timu mbili za kulipwa za besiboli zilikuja kutoka kwao kucheza London, naye akavuka bahari kuzifuata, akaja na mdogo wangu, ambaye ameoa na kuhamia huko. Mdogo wangu akanipitia kwangu Tottenham. Akanitambulisha: "Huyu dada yangu." Basi. Hakuongeza neno.

Wazazi wetu walipofariki nilikuwa na miaka kumi na sita, yeye mitano. Niliacha skuli wiki ile ile. Tulibaki watatu, mimi, yeye na mdogo wetu wa kike, na kila alasiri tulicheza rede uani kwetu, mtaa wa Ng'ambo. Wawili wanasimama huku na huku wakitupa mpira wa soksi, mmoja yuko katikati anakwepa. Ni mchezo wa wasichana, lakini unataka watu watatu, na sisi ndio tuliokuwapo. Huyu wa kiume nilimlenga mpaka akajua kukwepa. Hakuna Dedi aliyekuwa pale.

Uwanjani yeye na mzee walikaa vichwa vimegusana juu ya karatasi moja, wakiandika kila mpira uliorushwa. Penseli ilipita kwa huyu, ikarudi kwa yule. Mimi nilikaa kiti cha tatu nimepakata mfuko wa kachori.

"Kula basi, zitapoa."

"Baadaye, Dada." Macho hayakutoka kwenye karatasi.

Warushaji wa pande zote mbili walikuwa wakali. Wapigaji walikuja na magongo yao, wakapiga hewa, wakarudi kuketi. Duru saba kati ya tisa zikapita bila pointi hata moja. Mzee alifurahi kama mtu aliye harusini. Mimi nilimtazama mrushaji wa timu iliyoshindana na ile ya mzee, kwa sababu kuwatazama wale wawili kulinichoma.

Ndipo nikaona. Alipotaka kutupa mpira wa kasi, mkono ulitoka chini. Alipotaka kudanganya kwa mpira wa polepole, kiwiko kilipanda kidogo. Mwanzoni hakuwa hivyo. Mtupaji wa rede akichoka, mwili wake husema kabla ya mkono.

Duru ya nane, timu ya mzee ilikuwa na wakimbiaji wawili njiani, wakisubiri mpira upigwe wapate kuingia, na mpigaji mmoja tu wa kutegemea. Kiwiko kikapanda.

"Huyu anapigwa sasa hivi," nikasema.

Mpira ulikuja polepole, mpigaji akausubiri, akaupeleka mbali kati ya walinzi wawili. Wakimbiaji wote wawili wakaingia, pointi mbili. Mdogo wangu akaruka, akamkumbatia mzee. Mimi nilishika mfuko wangu. Duru ya tisa haikuongeza kitu, mchezo ukaisha hivyo, mbili kwa sifuri.

Watu walipoanza kutoka, mdogo wangu alimtafsiria mzee nilichosema, mzee akamwuliza kitu. Mdogo wangu akanigeukia.

"Dada, anauliza umejuaje."

"Mwambie rede."

Akamweleza kwa Kiingereza, na Kiingereza nakielewa. Alieleza soksi, ua, na alama nyekundu ambazo mpira ulimwachia mgongoni. Wazazi hakuwataja, wala skuli niliyoiacha. Mzee akacheka, akatoa mfukoni mpira laini wa ukumbusho alioununua langoni.

"Nifundishe," akasema.

Nje ya uwanja kulikuwa na nafasi kwenye majani. Nikamwonyesha asimame katikati. Mdogo wangu akaenda upande wa pili bila kuambiwa, mahali pake palepale pa zamani. Nikatupa. Sikuinua kiwiko. Mpira ulimpata mzee mbavuni, akaguna, nao ukabingirika hadi kwa mdogo wangu.

"Taratibu, Dada. Mtu mzima huyo."

"Mpira uko kwako," nikamwambia. "Tupa."

Akamtazama mzee, akanitazama mimi. Kisha akatupa, kwa nguvu, kama nilivyomfundisha.