Vigari Vyote Viliikata Ile Kona

Juzi nilikuwa nawamiminia chai mafundi wa gereji pale Igoma. Kijana mmoja akakigonga boneti kigari kilicholetwa kutengenezwa kwa ajili ya mashindano. "Mama, hiki nacho kitamfukuza nani? Si cha kubebea mayai hiki!" Wenzake wakacheka. Mimi nikajaza kikombe mpaka chai ikamwagika.

"Mwanangu," nikamwambia, "wewe hujaona gari kubwa likishindwa kona."

Akadhani natania, akarudi kwenye spana zake. Basi ngoja nikusimulie wewe.

Nilikulia upande wa Kisesa, njia ya kwenda Bujora. Siku ya mashindano ya magari kwetu ilikuwa sikukuu. Tukishapalilia pamba, bibi anatufungia michembe ya viazi vitamu na karanga kwenye kitambaa, mimi na dada yangu, tunapanda jiwe kubwa lililokuwa kando ya kona. "Kaeni huko huko," bibi alikuwa akisema, "huko gari halipandi." Tulivisikia kabla ya kuviona, vinalia kama nyigu. Vigari vifupi, vyepesi. Njia yenyewe nyembamba, changarawe tupu, lakini dereva anagusa breki kidogo, mkia unateleza, pua inageuka, huyo kapita. Hata siku ya tope vilipita. Dada alikuwa akiigiza mlio wa gia kwa mdomo mpaka michembe inamtoka.

Mwaka mmoja akaja tajiri mwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na ligari lake zito kama trekta. Alitaka kushangiliwa. Akamtuma mtu kwa mwalimu mkuu wa shule yetu, na mwalimu mkuu, kwa kujipendekeza kwake, akaja na fimbo mpaka chini ya jiwe.

"Shukeni! Tajiri atawaonaje huko juu, nyani nyie?"

Tukashuka. Akatupanga ukingoni, upande wa nje wa kona, tuimbe. Vigari vikapita mbele yetu, kimoja kimoja, salama. Halafu tajiri na ligari lake. Alizungusha usukani, nikayaona kwa macho yangu matairi yakigeuka, lakini ligari halikugeuka. Uzito wake ulilisukuma moja kwa moja, likatujia.

Mimi nilibaki na mguu mmoja. Dada hakubaki.

Msibani walikuja wote wawili. Tajiri kaleta ng'ombe. Mwalimu mkuu akasimama mbele ya watu akasema watoto walizagaa njiani, tena barabara ilikuwa mbaya. Barabara mbaya! Barabara ile ile, asubuhi ile ile, vigari vyote vimepita! Alipoinama kumwamkia bibi, "Shikamoo," bibi akamtazama tu. Hakuitikia. Bibi yangu, aliyewaitikia hata walevi.

Siku hizi pale pana lami. Jiwe wamelipasua kokoto, kona wameinyoosha. Watu wakubwa wa kule bado wanasema watoto tulizagaa, na mimi sina tena pa kumsimamisha mtu nikamwambia: tazama mwenyewe, kona hii ilikuwa inakatika.