Namba Iliyopigwa Pasi

Mtaa mzima ulijua kwamba Dobi hamalizi jambo. Shule aliiacha ikiwa imebaki mihula miwili. Udereva aliuacha asubuhi ya mtihani, kwa madai kwamba mwalimu ana gubu. Nyuma ya nyumba yake umesimama ukuta unaofika magotini, umeota majani, na hakuna anayekumbuka ulianzwa lini. Kitu kimoja tu hakuwahi kukiacha njiani, nacho ni nguo ya mtu. Shati likiingia mikononi mwake lilitoka limenyooka kiasi cha kuona haya kulivaa, na kwa sababu hiyo hata waliomcheka walimpelekea nguo zao.

Aliyemlea ni dada yake, mkunga mstaafu, mwanamke wa amri, ambaye alizalisha nusu ya mtaa na bado aliwaita wanangu hata watu wenye mvi. Kisukari kilimwanza polepole, kisha kikaja kidonda cha kisigino kilichogoma kupona. Jumatano alilazwa. Daktari hakuzunguka: mguu ukatwe chini ya goti Jumatatu asubuhi, la sivyo sumu itapanda na hapo hakutakuwa na la kufanya. Dada akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba alikuja duniani na miguu miwili na ataondoka nayo yote miwili. Fomu ya ridhaa ikabaki juu ya kabati la kitandani bila sahihi.

Dobi alimbembeleza siku mbili. Alimlilia, akamnunia, akamletea wajukuu wa jirani wamwimbie, ilimradi ajaribu kila mlango. Ijumaa jioni, Dobi akiwa ameshachoka na kujiona mjinga, dada akamkatiza.

"Jumapili si una mbio zako? Hizo kilomita arobaini na mbili. Ukizimaliza, mdogo wangu, nitatia sahihi."

Ni kweli alikuwa na mbio. Miezi minane alikuwa akiamka alfajiri kukimbia kabla ya kufungua duka, tangu alipopimwa na kuambiwa kwamba sukari inamnyemelea na yeye. Alikuwa amejiandikisha kwa utani zaidi kuliko kwa nia, na moyoni alishajiandalia sababu ya kuishia katikati. Sasa utani ukawa umekwisha. Akamshika dada mkono wakakubaliana, naye akatoka wodini akihisi amepewa ufunguo.

Dada alimwambia waziwazi kwamba hataamini maneno yake, maana mdomo wake anaujua. Dobi akamweleza kwamba si lazima aamini maneno. Nyuma ya namba ya kifuani huwa wamebandika kidude chembamba, na kila mkimbiaji akikanyaga zulia la mpira lililotandikwa barabarani, zulia linalia, na ujumbe unaingia kwenye simu: kilomita ya kumi, ya ishirini na moja, ya thelathini, na mwisho. Akamwachia simu yake kitandani, akamwonyesha ujumbe utakapotokea, chini ya jina lake ambalo kwa sasa liliandikwa "hajaanza". Dada akaiweka juu ya fomu.

Jumamosi jioni ndipo alipofungua bahasha ya mbio. Namba ilikuwa imekunjwa mara nne. Mtu mwingine angeibandika vivyo hivyo akaenda zake, lakini Dobi alikuwa amekaa miaka ishirini na sita akipigana na mikunjo, na hii ilikuwa imepita katikati ya namba kama kovu. Akatandika kitambaa chenye unyevu juu yake, akapunguza moto mpaka ule wa hariri, akapitisha pasi mara tatu, upande wa mbele kisha wa nyuma. Ikanyooka vizuri mno. Akaitundika kwenye hanga pamoja na fulana, akalala ameridhika.

Mbio zilianza saa kumi na mbili asubuhi. Zulia la kilomita ya kumi alilipita kwenye msongamano, milio ikisikika kila upande, na akajisemea kwamba ujumbe wa kwanza umeshafika. Alitabasamu kabisa. Alikuwa mzima, jua lilikuwa bado la upole, na alimwona dada kichwani mwake akivaa miwani.

Kwenye kilomita ya ishirini na moja watu walishatawanyika. Alilikanyaga zulia akiwa peke yake, na zulia halikusema kitu. Msimamizi aliyekaa kwenye kigoda chini ya mwavuli akamwambia arudi nyuma apite tena. Akapita tena. Kimya.

"Hii namba uliifanyia nini?" msimamizi akauliza, akiipapasa.

"Niliipiga pasi."

Msimamizi alimtazama usoni kuona kama anataniwa. Alisema ameshakutana na namba zilizoloa na namba iliyotafunwa na mbwa, ila ya pasi ndiyo hii ya kwanza, na moto umeshakiua kidude. Akamtuliza kwamba akifika mwisho atapata medali yake kama wenzake, ni jina tu halitatokea kwenye matokeo. Huko kwenye simu ataonekana hajaanza.

Dobi alisimama pale akisikia baridi katikati ya jua. Hajaanza. Ndilo neno ambalo dada amekuwa akilisoma tangu asubuhi, na ndilo alilokuwa akilitarajia kwake maisha yake yote. Akamwomba mama mmoja aliyekuwa akigawa maji amsaidie simu, akapiga namba yake mwenyewe. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Yule mama akamwonea huruma, akamuuliza kama kuna mgonjwa, naye akamrudishia simu.

Hospitali haikuwa mbali na pale, kama angepanda gari. Lakini angefika na nini? Ahadi ilikuwa kumaliza. Akienda sasa ataingia wodini akiwa Dobi yuleyule. Akibaki, dada ataendelea kutazama simu isiyosema. Hakuna upande uliokuwa na nafuu. Akaanza kukimbia tena, kwa kuwa ndicho kitu pekee ambacho miguu yake ilikuwa ikikifanya.

Kuanzia kilomita ya thelathini na tatu barabara ilipanda kilomita nne mfululizo. Hapo mwili ulimsusa. Misuli ya mapaja ilijikunja mpaka akawa anapanda kinyumenyume, watu wakimpita na kumpa pole. Chumvi ilimwingia machoni. Kucha mbili za mguu wa kulia alizisikia zikiachia, akaogopa kutazama chini. Nyuma yake lilikuja taratibu basi la kuokota walioshindwa, mlango wazi, na mle ndani watu wamekaa kivulini wakinywa maji. Mhudumu wa basi hakumlazimisha. Alimwambia tu kwa upole kwamba mstari unafungwa saa saba, na kwamba si aibu kupanda.

Dobi alilia kilima chote kile. Hakulia kwa maumivu. Alilia kwa sababu dada alikuwa anaoza mguu kilomita chache kutoka pale na yeye hakuwa na cha kumfanyia ila kunyanyua unyayo mmoja baada ya mwingine, na hata huo hakuna aliyekuwa akiuhesabu.

Alivuka mstari saa saba kasoro dakika nne. Walimvisha medali, akasahau kushukuru.

Aliingia wodini saa nane akiwa anajishikilia ukutani, viatu vimelowa damu. Dada alikuwa amekaa, miwani usoni, simu mkononi. Dobi akajitupa kwenye kiti na kuanza kueleza yote kwa pumzi moja: namba, mkunjo, pasi, zulia, basi. Akaivua medali kumwonyesha. Dada hakuipokea. Alikuwa akitazama miguu ya mdogo wake, kwa jicho lile la kazi alilowatazamia wazazi kwa miaka thelathini.

"Nakuamini," alisema. "Hivyo viatu havidanganyi."

Dobi akaisogeza fomu karibu yake, na kalamu. Dada akaiweka simu pembeni, akavua miwani, akaikunja.

"Ulipopiga, niliiacha iite," alisema. "Namba sikuijua, ila nilijua ni wewe tu, nani mwingine angepiga mara mbili mfululizo? Ile simu iliposema hujaanza, mdogo wangu, nilifurahi. Nilitaja mbio kwa sababu nilijua hutamaliza. Nilitaka tuachane bila kugombana."

"Lakini nimemaliza, Dada."

"Umemaliza." Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. "Nimewashika mkono watu wengi wakati wa kukatwa miguu. Nimeona wanavyoishi baada ya pale. Mimi siwezi. Nilikuahidi, na ahadi naivunja mimi, si wewe. Ukumbuke hivyo."

Dobi alimbembeleza kwa maneno yote aliyobaki nayo, nayo hayakuwa mengi. Saa tisa muuguzi alikuja kuchukua karatasi kama alivyoagizwa. Dada akampa ikiwa tupu, akamwambia ampelekee daktari salamu zake. Muuguzi akamtazama Dobi, akingoja ndugu wa mgonjwa aseme jambo, kisha akageuka.

Dobi alitaka kumkimbilia. Akashika mikono ya kiti, akajisukuma, na miguu ikakataa. Akajaribu tena, akarudi kitini. Nyayo za muuguzi zilikuwa zikienda mwisho wa korido, na dada akanyoosha mkono kutoka kitandani, akamwambia atulie, asijiumize, na avue hivyo viatu amtazame vidonda.