Sheria Ilivyomfukua Fuko

Ottokar Wiebusch, dereva mstaafu wa tramu mjini Magdeburg, aliishi bila dhambi ya maana mpaka alipofungua tovuti. Humo, akijiita Fuko, yule mnyama mchimba ardhi, aliwachamba wenzake wa chama cha bustani, kinachowakodishia wanachama viwanja vya kulima: nani kaacha michongoma yake ipite kimo cha kanuni, nani kafyeka nyasi saa ya mapumziko ya mchana. Mwenyekiti, Bibi Kasischke, aliapa kwamba akimjua huyo Fuko atamnyang'anya bustani kabla nyanya hazijaiva.

Kisha Ottokar akatangaza humo asali ya nyuki wake. Ndipo akaisoma sheria: tovuti ya biashara lazima ioneshe jina na anwani ya mwenyewe.

"Si uiondoe tu hiyo asali?" akauliza mkewe, Roswitha.

"Nimeshaitangaza. Sheria ni sheria."

"Haya. Ziage nyanya zako."

Ottokar akaandika jina, mtaa na namba ya nyumba. Tangu siku ya ndoa hakuwahi kutia jina lake mahali pa hatari kiasi kile.

Kulipokucha kengele ikalia. Bibi Kasischke alikuwa mwekundu kama figili.

"Bwana Wiebusch! Kumbe Fuko ni wewe!"

"Ndiyo, Bibi Mwenyekiti."

"Na barua pepe hukuweka! Sheria inataka mtu aweze kukufikia upesi!"

Ottokar nusura azirai kwa aibu. Akaiweka palepale, mwenyekiti akisimamia. "Sasa uko sawa," akasema mama yule. "Jumamosi tunakufukuza."

Lakini anwani ilikuwa imeshasomwa na chama kizima. Wiki ile kengele haikupumzika. Huyu kaleta umbeya wa jirani wa kushoto, yule wa jirani wa kulia. Roswitha akaishiwa keki, Ottokar akaandika mpaka vidole vikafa ganzi kwa furaha.

Jumamosi ukumbi ulifurika.

"Wanaotaka Fuko afukuzwe, mikono juu!"

Hakuna mkono ulioinuka. Kila mtu alikuwa na habari yake iliyosubiri kutoka tovutini. Ottokar alitamani kupiga vigelegele, ila kwenye ajenda havikuwemo.

Mlangoni Bibi Kasischke akamshika mkono. "Mhazini kajenga choo ndani ya kibanda chake cha bustani, kinyume cha kanuni. Andika. Ila mimi usinitaje."

"Usijali, Bibi Mwenyekiti. Sheria inataka jina la mwenye tovuti peke yake."