Bamba la Fundi Kucha

Zamani kifaa kikifa mtu alikipeleka kwa fundi, siku hizi anakipeleka jalalani. Jirani yangu Fundi Kucha alikuwa mtu wa zamani. Njia za umeme alizichora juu ya bamba la plastiki lenye ngozi ya shaba kwa rangi ya kucha ya mkewe, ndiyo asili ya jina lake, kisha akalilaza bamba kwenye asidi. Palipopakwa rangi shaba ilibaki. Kwingine kote ililiwa.

Mkewe alipoanza kupoteza usikivu wa masikio, Kucha aliapa kumtengenezea kikuza sauti kwa mikono yake mwenyewe. Mwanawe akacheka.

"Mama, huyu atakutilia redio kichwani! Vinauzwa dukani, vidogo kama harage."

"Vya dukani havimjui mama yako," Kucha akajibu.

Bamba la kwanza alisahau kuchora kinyume, kama kwenye kioo, maana vipuri hukaa upande wa pili; kila mguu wa kipuri ukaangukia tundu la mwenzake. La pili alinionyesha kabla ya kulizamisha: mistari myembamba kama unywele, mkono haukutetemeka hata mara moja. Akalilaza kwenye beseni la plastiki lenye asidi, akalitikisa taratibu kama anayebembeleza mtoto. Kisha haja ikambana, akaenda msalani.

Mkwewe, mke wa mwanawe, alitaka beseni lake la kufulia. Akamimina kila kitu kwenye sufuria ya alumini. Asidi ile na alumini havikai nyumba moja: ikachemka bila moto, ikafuka, ikaitoboa sufuria. Kucha aliporudi, rangi ilikuwa imebambuka na shaba imeliwa yote. Bamba tupu, kama kipara.

"Sufuria yangu, baba! Sasa nipikie nini, kiganja chako?"

Enzi zetu mkwe hakuthubutu kumwinulia baba mkwe hata jicho.

Siku hiyohiyo mwanawe alitupa asidi, shaba na chuma cha kulehemu, akarudi na harage la dukani. Mama akalivaa. Akasikia bomba likidondosha maji, akacheka kama msichana.

"Mwanao amenipa masikio," akamwambia mumewe. "Wewe umenipa moshi."

Mara ya mwisho niliwaona barazani, wamekaa bega kwa bega. Kucha alikuwa akimweleza jinsi bamba lile lingefanya kazi, mstari kwa mstari, kidole kikichora hewani. Mkewe alimsikiliza kidogo. Kisha akapeleka mkono sikioni, akalichomoa lile harage, akalitia mfukoni. Kucha hakuona. Aliendelea kusema.