Madafu Mawili ya Ijumaa

Kabla ya kuugua nilikuwa fundi makochi Chang'ombe, na zaidi ya ufundi nilikuwa mjuaji. Mtu akiumwa jino, namwambia aweke karafuu. Akiumwa tumbo, nina mzizi wake. Mgongo wangu niliutibu mwenyewe kwa vidonge vya maumivu, asubuhi na jioni, kwa miaka. Niliambiwa nina presha. Nikameza dawa wiki mbili, nikajiona mzima, nikaacha. Mke wangu Neema alinisihi mpaka akachoka.

Mkojo ukaanza kutoa povu. Asubuhi uso umevimba, jioni viatu haviingii. Kisha vikaja kichefuchefu, kwikwi zisizoisha na ladha ya chuma mdomoni. Ikafika siku siwezi kulala chali, pumzi inakata. Hospitali daktari alisoma vipimo akasema, "Baba, figo zote mbili zimeshindwa kazi. Usiposafishwa damu hutafika mbali."

Akatueleza njia mbili. Ya kwanza ni ya mashine: damu inatoka mwilini kwa mpira, inapita kwenye chujio linaloondoa sumu na maji yaliyozidi, kisha inarudi. Ni saa nne, mara tatu kwa wiki. Ya pili hufanyika tumboni. Unawekewa mpira mdogo, yanaingizwa maji maalumu, utando wa ndani ya tumbo unachuja, kisha maji yale yanatolewa na kuwekwa mengine, kila siku, hata nyumbani. Sisi tuliishi chumba kimoja na vumbi la mbao na sponji. Usafi wa kuutunza ule mpira tusingeuweza. Tukachagua mashine.

Walianza na mpira wa shingoni, baadaye wakaniunganishia mishipa ya mkono wa kushoto, ili sindano za mashine zichomwe hapo. Baada ya wiki chache nikalala usingizi wa kweli, nikala nikashiba. Na ujuaji wangu ukarudi.

Kwenye kiti cha jirani alikuwa Bi Rehema, mwalimu mstaafu anayeishi Ukonga, mzaliwa wa Lindi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Leo umekunywa ndoo ngapi?"

Alikuwa akinitania hivyo kila tukikutana, maana maji ya kunywa tulipimiwa, figo zetu haziwezi kuyatoa. Ijumaa moja alilalamika kiu inamtesa. Nikamwambia, "Mwalimu, kunywa madafu. Yanasafisha figo, kila mtu anajua."

"Wewe! Na nesi je? Si alitukataza?"

"Manesi wanasoma vitabu tu, Bi Rehema. Mie nimeona watu wamepona."

Sikuwa nimemwona hata mmoja. Tulipotoka nikamnunulia madafu mawili, nami nikabeba yangu.

Jumapili mchana miguu iliniishia nguvu, moyo ukawa unapiga na kuruka. Neema alinikimbiza hospitali, nikawekwa kwenye mashine. Daktari akauliza nimekula nini, nikamwambia.

"Madafu yana potasiamu nyingi," akasema. "Mtu mwenye figo nzima anaitoa kwenye mkojo. Kwako inabaki, na ikizidi inasimamisha moyo."

Nikamlilia nesi ampigie Bi Rehema. Simu ilipokelewa na binti yake. Mama yake alikuwa amefariki asubuhi ile.

Nesi alikaa nami kitambo. "Moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu zamani," aliniambia. "Hatuwezi kujua." Ni kweli, hatujui, na mimi sitajua mpaka naingia kaburini. Lakini msibani yule binti alinishika mikono yote miwili. "Asante sana kaka. Mama alikusifia mno. Madafu yako aliyanywa yote." Nikasema pole, nikaondoka. Ukimya ule unaniuma kuliko sindano zote nilizochomwa. Dada, kama unasoma hapa, ni mimi niliyemdanganya mama yako. Naomba unisamehe.

Bado niko kwenye mashine, na bado naishi. Namshukuru Mungu, namshukuru Neema, nawashukuru manesi niliowadharau. Wewe mwenye presha, meza dawa zako hata siku unayojiona mzima. Vidonge vya maumivu usivifanye chakula.

Juzi kwenye kiti cha Bi Rehema alikaa mama mmoja mgeni. Akanigeukia. "Kaka, wewe mzoefu. Eti mchaichai unasafisha figo?"

Mdomo ulishafunguka, jibu liko ulimini.

"Sijui, dada," nikasema, nikainua mkono wa kulia kumwita nesi.