Mteja Mnayempoteza

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu, fundi wa viti, hadi ukumbi wa kanisa hapa Kawangware. Chang'aa, ile pombe kali ya mtaani, imemla mpaka msumeno unamtetemeka mkononi. Tulisikia kuna watafiti wametengeneza saa inayompigia mlevi kelele akikaribia mahali pa kunywea, tukaja kuiomba.

Kumbe siku hiyo watafiti wenyewe ndio walikuwa wanafunzi. Mwalimu wa biashara alikuwa akiwafundisha kuiuza saa yao, isije ikafa wafadhili wakiondoka. Hapo sikuona kosa; hata mganga hula.

Binti mmoja mtafiti akasimama kujaribu. "Ukivaa hii utaacha pombe, kisha utaturudishia."

Mwalimu akapiga meza. "Aturudishie? Dada, umefunga duka! Mteja mzuri analipia kila mwezi, mwaka nenda mwaka rudi."

"Na akipona?" binti akauliza.

Mwalimu akakuna kidevu. "Akipona, tumempoteza."

Wote wakaandika. Mimi nikamkumbuka mama mmoja wa Kibera, mpishi wa chang'aa, alivyokuwa akiwaaga walevi mlangoni: "Kesho usinisahau, baba." Naye hakufundishwa na mtu.

Mjukuu wangu akainua mkono. "Mwalimu, mlevi mwenyewe ni mimi. Nataka kuwa huyo mnayempoteza."

Yule binti akavua saa ya majaribio aliyokuwa ameivaa, akamfunga mjukuu wangu mkononi, wala hakumuuliza atalipaje.

Wasomaji wangu, iombeeni biashara hiyo istawi. Ila ipate hasara ya mtu mmoja.